Nani Kasema Usalama wa Ulaya Si Somo Letu?

Kuna methali moja iliyofanyishwa kazi kubwa mno tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Tumeisikia redioni, barazani, kwenye majukwaa ya siasa na hata katika makala za wasomi wenzangu. Bei ya ngano ikipanda, sisi nyasi. Misaada ya Marekani ikikatwa, sisi nyasi. Viongozi wa Marekani na wa Ulaya wakitupiana maneno mjini Munich, tunaambiwa tena kwamba tulichobakiwa nacho ni kuomba fahali wachoke. Methali hii inasema kweli kuhusu maumivu. Kuhusu maarifa haina la kusema, na hapo ndipo ugomvi wangu nayo ulipo. Nyasi haziulizi fahali hawa walitoka zizi gani, nani aliwafungulia, na malisho wanayoyagombania yalikuwa ya nani kabla wao hawajafika.

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani yuko mtaalamu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali ya namna hiyo kwa upande wa fahali. Anaitwa mtafiti wa uhusiano wa pande mbili za Atlantiki na usalama wa Ulaya. Husoma mikataba ya NATO, bajeti za ulinzi, barua za mabalozi na hotuba za mawaziri; hufundisha; huandika ripoti kwa taasisi zinazoshauri serikali; na kila Februari hugeuza uso kuelekea Mkutano wa Usalama wa Munich, ulioanzishwa mwaka 1963. Ni kazi ya heshima, na wapo wanaoifanya vizuri. Ninachokipinga ni dhana mbili zinazoizunguka, moja ya kwao na moja ya kwetu. Ya kwao husema kwamba somo hili lina ramani yake, na ramani hiyo inakomea Gibraltar. Ya kwetu husema kwamba mtu wa Afrika Mashariki anayelisoma amepotea njia, ameacha ya kwao akashika ya watu. Dhana hizi zinaonekana kupingana, lakini matokeo yake ni mamoja: zote mbili hutuweka nje ya chumba ambamo mambo yetu yamekuwa yakiamuliwa kwa zaidi ya karne moja.

Tuanze na kisiwa ambacho wengi wetu hatujapata kukiona. Helgoland ni mwamba katika Bahari ya Kaskazini, mbele ya mlango wa mto Elbe, na eneo lake halifiki kilomita mbili za mraba. Uingereza ilikuwa imekitwaa tangu 1807. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao kwao Ujerumani ilipewa Helgoland, nayo ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza na ikaachilia madai yake juu ya Witu, katika pwani ya Kenya ya leo. Watu wamezoea kusema kwamba Ujerumani iliiuza Unguja kwa Helgoland. Huo ni usemi mbaya, kwa sababu Unguja haikuwa ya Ujerumani hata itolewe. Ilikuwa na sultani wake, Sayyid Ali bin Said, aliyerithi kiti miezi michache tu kabla ya hapo. Katika biashara ile ni mmoja tu aliyetoa kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Kwa nini Ujerumani ilikitaka kisiwa kile? Kwa ajili ya usalama. Mfereji wa Kiel ulikuwa ukichimbwa, ukaja kufunguliwa 1895, na anayeishika Helgoland hulinda au huziba njia ya manowari zinazotoka kwenye mfereji na kwenye Elbe. Kisiwa kikajengewa ngome na bandari ya kijeshi. Agosti 1914, mapigano makubwa ya kwanza ya baharini kati ya Waingereza na Wajerumani yalipiganwa jirani nacho. Mwaka 1947 Waingereza walizilipua ngome zake, na 1952 kisiwa kikarudishwa kwa Ujerumani ya Magharibi. Mwanafunzi wa usalama wa Ulaya atayakuta haya yote vitabuni. Unguja ataikuta imetajwa kwa nusu sentensi. Witu huenda asiikute kabisa, ingawa Sultani wake, Fumo Bakari, alikuwa ameutegemea ulinzi wa Wajerumani na akaamka siku moja amebadilishiwa mlinzi bila kuulizwa. Septemba ya mwaka ule ule Wajerumani kadhaa waliuawa Witu; Oktoba, kikosi cha wanamaji wa Uingereza kikauteketeza mji. Miaka 24 baadaye vita vya Ulaya vyenyewe vilitufuata nyumbani, vikaendelea kwetu hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, na vikaacha jina la kikosi cha wapagazi juu ya soko la Kariakoo. Nani basi atasema kwamba usalama wa Bahari ya Kaskazini ni habari ya watu wa Bahari ya Kaskazini peke yao?

Tuje 1949. Tarehe 4 Aprili mwaka huo nchi 12 zilitia saini mjini Washington mkataba ulioanzisha NATO. Kifungu cha tano, kinachosema kwamba anayemshambulia mmoja amewashambulia wote, hutajwa kila siku. Kifungu cha sita, kinachoeleza kinga hiyo inakomea wapi, hakitajwi sana. Humo, kwa maneno ya wazi, iliandikwa mikoa ya Algeria iliyokuwa ya Ufaransa, pamoja na visiwa vya wanachama vilivyo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza muungano wa ulinzi wa Ulaya ulikuwa na ardhi ya Afrika ndani yake, na ulikuwa umechora mstari wa kuiacha nje Afrika iliyobaki. Kusini mwa mstari huo walikuwepo akina nani? Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Uingereza. Kongo, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Msumbiji chini ya Ureno. Komoro chini ya Ufaransa. Nchi zote hizo nne za Ulaya ni waasisi wa NATO. Mwaka ule karibu kila mzungumzaji wa Kiswahili barani Afrika aliishi chini ya bendera ya mwanachama wa muungano, bila ya kulindwa na kifungu hata kimoja cha mkataba wake.

Mwaka 1957 Karl Deutsch na wenzake walichapisha kitabu ambacho mpaka leo ni nguzo ya somo hili. Walieleza jinsi nchi za Atlantiki ya Kaskazini zinavyoweza kuwa jumuiya ya usalama, yaani kundi la watu waliofikia kuamini kwamba hitilafu zao zitamalizwa bila vita. Ni wazo zuri, nami hulifundisha kila mwaka. Lakini tazama tarehe. Mwaka 1957 Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na maelfu ya watu walikuwa wamefungwa makambini bila kuhukumiwa. Algeria, ile ile iliyoandikwa ndani ya mkataba, ilikuwa inawaka. Jumuiya hiyo iliweza kuitwa ya amani kwa sababu vita vya wanachama wake vilikuwa vimeandikishwa katika daftari jingine, daftari la mambo ya ndani ya makoloni. Mtafiti aliyekulia Nyeri angeliona pengo hilo kabla ya kumaliza utangulizi.

Na silaha iliyoilinda amani hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alikuwa ameshahamishia New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo tangu 1940. Baada ya vita serikali ya Marekani ilimtunuku nishani. Wachimbaji wa Shinkolobwe, watu wa mkoa ambao Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni, hawamo katika nadharia yoyote ya kinga ya nyuklia niliyofundishwa, ingawa bila mikono yao wanadharia wangechelewa kupata bomu la kulijadili.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili ni wa 1964. Familia nyingi zilizopo leo Muscat, Dubai na London zinaikumbuka Januari ya mwaka ule kama msiba ulioingia ndani ya nyumba. Wengine, nao ni wengi, wanaikumbuka kama siku ya kukombolewa. Ugomvi huo sitauamua hapa. Ninasema tu kwamba yaliyofuata ni sura kamili ya historia ya usalama wa Ulaya, na sura hiyo tumewaachia wengine waiandike.

Tangu 1955 serikali ya Bonn ilikuwa ikifuata msimamo ulioitwa kwa jina la Walter Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya kitendo cha uadui. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki mapema mwaka 1964. Aprili 26 Zanzibar ikaungana na Tanganyika, ambayo ilikuwa na uhusiano na Ujerumani ya Magharibi. Ghafla jamhuri moja changa ikajikuta na Ujerumani mbili ndani ya nyumba, kila moja ikidai kwamba mwenzake hayupo. Mzozo wa nani ndiye Mjerumani wa kweli, ambao Ulaya ulikuwa umekwama kwenye ukuta wa Berlin, ukahamia Dar es Salaam na Unguja. Februari 1965 Nyerere aliiruhusu Ujerumani ya Mashariki iwe na konseli kuu Dar es Salaam bila ya kuitambua rasmi. Bonn ikajibu kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, pamoja na mafunzo ya marubani. Nyerere naye akawaambia wachukue na misaada mingine ya serikali yao iliyobaki. Ukipita leo Kikwajuni na Kilimani utayaona majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Watu wamezaliwa na kuzikwa kutoka katika majumba yale, ambayo chanzo chake ni shauri la Ulaya la kutambuana na kutotambuana.

Yapo na ya upande wa pili wa Atlantiki. Konseli wa Marekani mjini Zanzibar wakati huo alikuwa Frank Carlucci, aliyefukuzwa nchini Januari 1965. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika ubalozi wa nchi yake Kongo, mwanzoni mwa uhuru. Mwaka 1975 alipelekwa kuwa balozi Lisbon, wakati NATO ilipohofia kwamba Ureno ya baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 ingeangukia mikononi mwa wakomunisti. Mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Njia ya bwana huyu kwenda Pentagon ilipita Kongo, Unguja na Lisbon. Yeye hakuona ajabu kujifunza kazi yake kwetu. Sisi ndio tunaoona ajabu kumsoma yeye.

Ureno yenyewe ni somo zima. Haikuwa na demokrasia ilipoingizwa NATO mwaka 1949, lakini ilikuwa na visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki, na kituo cha ndege cha Lajes kilihitajiwa na Marekani. Mkataba wa Lajes ulipokaribia kwisha 1962, sauti ya Washington dhidi ya ukoloni wa Ureno ilianza kupoa. Mwaka huo huo, Juni 25, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, alikuwa na shahada ya uzamivu ya Marekani na alikuwa amefundisha Chuo Kikuu cha Syracuse kabla ya kurudi kuongoza mapambano. Aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mondlane alijua vizuri kwamba huwezi kuueleza muda mrefu wa ukoloni wa Msumbiji bila kuieleza Azores. Hakuna aliyemwambia kwamba ameacha ya kwao.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu, kwa sababu hazikosi uzito.

Hoja ya kwanza ni ya kuona haya: Kongo ya Mashariki inaungua, Sudan inaungua, nawe unahesabu vifaru vya Poland? Naielewa. Lakini hakuna anayemwambia mtafiti wa Stockholm aache kusoma Goma mpaka usalama wa Sweden utimie. Uhuru wa kuchagua somo tumewapa wengine bure na kujinyima wenyewe. Isitoshe, bajeti haijui mipaka ya masomo. Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alitangaza kwamba matumizi ya ulinzi yatapandishwa hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, na fedha hizo zitapatikana kwa kushusha misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3. Juni mwaka huo huo, mjini The Hague, wanachama wa NATO walikubaliana kulenga asilimia 5 ifikapo 2035, asilimia 3.5 kwa majeshi yenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana na ulinzi. Hesabu hii ina wake na waume wa kwetu ndani yake. Zahanati inayokosa dawa wilayani inaweza kuwa imekatiwa fedha na uamuzi uliochukuliwa kwa hofu ya Moscow, au kwa hofu kwamba Marekani haitakuja siku itakapoitwa. Anayetaka kuitetea zahanati hiyo lazima awe na mtu wake anayeisoma hofu hiyo kwa undani.

Hoja ya pili hutoka kwa wenyeji wetu wa vyuo vya ughaibuni, nayo huja na tabasamu. Mwanafunzi wa Mombasa akiomba kusoma mkakati wa NATO katika Bahari ya Baltiki huulizwa: kwa nini usiandike juu ya Somalia? Mimi niliulizwa hivyo na jopo moja la usaili, na nimewasikia wanafunzi wangu wakiulizwa vivyo hivyo kwingineko. Wanaouliza hawana chuki. Wanaamini wanatusaidia tutumie tulichojaliwa, yaani lugha na jamaa wa kuwahoji. Lakini mgawanyo wa kazi unaotokana na swali hilo ni huu: wao watasoma dunia, nasi tutawaletea mahojiano kutoka kwetu. Mwafrika anakuwa mtoaji wa malighafi hata katika fikra. Na ajabu ni kwamba Somalia yenyewe ni mlango wa kuingilia NATO. Kati ya 2009 na 2016 manowari za NATO zilikuwa katika Bahari ya Hindi zikipambana na maharamia, pamoja na zile za Umoja wa Ulaya zilizotangulia mwishoni mwa 2008. Washukiwa waliokamatwa na wanamaji wa nchi za Magharibi walipelekwa mahakamani Mombasa na kuwekwa gereza la Shimo la Tewa, kwa mapatano na serikali ya Kenya. Usalama wa njia za biashara za Ulaya ulisikilizwa na hakimu wa Mombasa. Aliyekulia Kisauni ana haki gani pungufu ya kuueleza?

Hoja ya tatu ndiyo inayonichoma zaidi, kwa kuwa hutolewa na watu wa lugha: Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Wanaosema hivi wamesahau kwamba Kiswahili kiliiandika Ulaya kabla ya vyuo vikuu vyetu kuwepo. Amur bin Nasur, Mzanzibari, alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, miaka ile ile ya mkataba wa Helgoland, na akauandika mji ule kwa Kiswahili. Salim bin Abakari aliandika safari yake ya Urusi na Siberia, nayo ikachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu aliyeweza kuisimulia Siberia kwa Kiswahili cha pwani hakungoja kamati ya istilahi. Baadaye Ali Mazrui wa Mombasa alikuja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa uhusiano wa kimataifa duniani, lakini vitabu vyake vikuu aliviandika kwa Kiingereza, na sisi tuliokuja nyuma yake tumeifuata njia hiyo bila kuuliza kama ndiyo pekee.

Na lugha haikuwa chombo cha kubebea tu. Chukua neno lenyewe, usalama. Kiingereza kina maneno mawili hapa, moja la mtu kuwa salama na jingine la dola kujilinda. Kiswahili kina moja. Mama anayemwombea mwanawe afike salama na waziri anayezungumzia usalama wa mipaka wanatumia shina lile lile. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa swali la utafiti. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akisikia kwamba makombora yameleta usalama, sikio lake humwuliza mara moja: wa nani, na amefika? Wakati huo huo neno hilo lina kivuli chake kwetu, maana tukisema fulani ni mtu wa usalama, sauti hushuka na watu hutazama nyuma. Nadharia ya usalama iliyoanza na maana hizo mbili, ya dua na ya woga, isingeandika kwamba mwaka 1957 ulikuwa mwaka wa amani.

Gharama ya kutokuwa na wataalamu wetu ilionekana Machi 2, 2022. Siku hiyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Eneo letu la Kiswahili liligawanyika katikati, juu ya suala kubwa la usalama wa Ulaya kuliko yote ya kizazi hiki. Nyasi hazipigi kura. Zilizopiga ni serikali, zenye sababu na kumbukumbu tofauti: Dar es Salaam ikiwa na historia ya kutofungamana na upande wowote na deni la heshima kwa waliosaidia ukombozi wa Kusini, Nairobi ikiwa na balozi wake, Martin Kimani, ambaye siku chache kabla, Februari 21, alikuwa ameliambia Baraza la Usalama kwamba Afrika nayo ilirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, ikaamua kuishi nayo badala ya kuichora upya kwa damu. Hotuba ile ilizunguka dunia. Ilikuwa hoja ya Kiafrika juu ya usalama wa Ulaya, na Wazungu waliisikiliza. Lakini mwananchi wa Tanga aliyetaka kujua kwa nini jirani yake wa Mombasa alipigiwa kura tofauti na yake, alisoma wapi kwa Kiswahili? Aliambiwa tena habari za fahali.

Wapo watakaosema kwamba ninataka tuwe mashabiki wa NATO, au wa Moscow. Sitaki lolote kati ya hayo. Shabiki hahitaji kwenda kusoma nyaraka. Ninataka tuwe na watu watatu, wanne, kumi, wanaoijua migogoro ya ndani ya muungano ule kama wanavyozijua siasa za vyama vyetu. Wanaoweza kumweleza waziri wa Dodoma au Nairobi kwamba Berlin ikisema jambo fulani inamaanisha jingine. Na wanaoweza kutuandikia sisi wengine kwa lugha tunayoiota. Nyaraka zipo. Barua za mabalozi wa Marekani za 1964 zimechapishwa. Za Uingereza ziko Kew, za Wajerumani wote wawili ziko Ujerumani, na zetu ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam na Kilimani, Unguja. Watafiti wa kigeni wanakwenda huko kila mwaka na daftari zao. Baadhi yao wamejifunza Kiswahili ili kuzisoma zetu. Wangapi kati yetu wamejifunza Kijerumani ili kuzisoma zao?

Hili la mwisho ndilo ninalowadai wenzangu wa vyuoni, wa nyumbani na wa ughaibuni. Msimamizi wa tasnifu asimhamishe mwanafunzi kutoka Baltiki kumpeleka Kismayu kwa sababu ya jina lake. Idara za Kiswahili zisione haya kupokea tasnifu juu ya Helgoland. Na majarida kama hili, yaliyozoea kupokea tenzi, hadithi na uhakiki, yafungue mlango kwa insha ya mtu aliyekaa miezi sita na mafaili ya Bonn. Istilahi zitakuja njiani, kama zilivyowajia waliotangulia.

Asiyekuwapo na lake halipo. Hiyo nayo ni methali yetu, na ndiyo inayoeleza kilichoisibu Unguja mjini Berlin, Julai 1890. Katika mikutano ya NATO asilimia zile 5 zitajadiliwa tena na tena mpaka 2035, nchi kwa nchi, fungu kwa fungu. Mtafiti wa Ulaya atakuwepo na daftari lake. Namwomba mwanafunzi wa Zanzibar, Lubumbashi au Lamu anayesoma maneno haya aanze kutafuta kiti chake mapema.